Kisichotambulika na Nani? Madai ya Vyombo vya Angani na Mizani ya Ushahidi katika Ghuba ya Ungwana

Utangulizi

Yapo masimulizi ambayo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameyaachia magazeti, nayo ni yale ya vitu vinavyoonekana angani visijulikane ni nini. Sababu ya kuyaacha haifichiki: msomi huogopa kuchekwa. Mwenye kuyataja hudhaniwa kuwa ama ameyaamini ama amekosa kazi ya kufanya. Makala haya yanashikilia kwamba masimulizi hayo ni matini kama matini nyinginezo. Yana msimulizi, yana hadhira, yana fani yake na historia yake. Yanashikilia vilevile kwamba mapokeo ya Waswahili yanayo mizani ya kuyapimia, nayo ni ya kale kuliko visahani vyenyewe. Tutayapima tukiwa tumesimama mahali mahususi, yaani Kilelengwani, katika delta ya mto Tana, Garsen, si mbali na Ghuba ya Ungwana.

Uteuzi huu haukufanywa kwa bahati nasibu. Ghuba hiyo ni mojawapo ya sehemu chache sana za Afrika ambako vyombo vya angani vimerushwa kwelikweli. Pia, katika delta hiyo Waislamu na Wakristo wamekaa ubavu kwa ubavu kwa zaidi ya karne moja. Wamethodisti walikuwa na misheni Golbanti mnamo 1885, na Wajerumani wa Neukirchen wakaanza kazi yao Ngao mwaka 1887. Lakini lililo zito zaidi ni hili: Kilelengwani ndipo mahali ambapo, tarehe 10 Septemba 2012, watu 38, wakiwemo maafisa wa polisi, waliuawa kwa siku moja katika mapigano baina ya wakulima na wafugaji. Kwa aliyepitia miezi ile, swali la nani ameona, ameona nini hasa, na amemwambia nani, halikuwa la kupitishia jioni barazani. Lilikuwa swali la kulala nyumbani au kukimbia.

Tashbihi iliyogeuka umbo

Tuanze mbali kidogo, kwa kuwa neno lenyewe lilitoka mbali. Tarehe 24 Juni 1947, rubani Kenneth Arnold alisema ameona vitu tisa vikienda kasi karibu na mlima Rainier, magharibi mwa Marekani. Akieleza jinsi vilivyokwenda, alivifananisha na kisahani kinachorushwa juu ya maji kikawa kinarukaruka. Waandishi wa habari wakakichukua kisahani wakauacha mwendo. Michoro ya Arnold mwenyewe haionyeshi sahani ya mviringo. Hata hivyo, katika wiki zilizofuata, watu wengi wakaona sahani za mviringo.

Mhakiki wa fasihi anao msamiati wa tukio hili kuliko mtaalamu wa anga. Hapa tashbihi iliyohusu mwendo ilisomwa kana kwamba ni maelezo ya umbo, na usomaji huo mbaya ukawa tanzu. Baada ya tanzu kuzaliwa, mashahidi walianza kuona kwa mujibu wa kanuni zake. Hatusemi kwamba walidanganya. Tunasema kwamba jicho nalo lina lugha, na lugha hiyo hurithiwa. Carl Jung, katika kitabu chake cha 1958 kuhusu visahani, aliliona jambo hili kwa upande wa nafsi. Sisi tunaliona kwa upande wa usimulizi, ambako linathibitishika kwa urahisi zaidi.

Upande wetu wa bahari hauna tofauti. Mwana wa pwani aonapo mwanga ukikata anga huuita kimondo, na kwa mafunzo ya chuoni kimondo ni kijinga cha moto wanachorushiwa mashetani wanaonyemelea habari za mbinguni. Asili ya mafunzo hayo imo katika sura ya 37 na ya 67 za Kurani. Pemba na baadaye Unguja, mwaka 1995, hofu ya usiku ilipewa bawa la popo na jina la popobawa, katika mwaka uleule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi. Kila jamii ina sahani yake.

Sanadi na matini

Wanazuoni wa Hadithi walikwisha kuona kwamba habari haipimwi kwa kipimo kimoja. Walitenga sanadi, yaani mlolongo wa waliopokezana habari, na matini, yaani habari yenyewe. (Neno hili tunalolitumia leo kila tunapohakiki riwaya tumelipata kwao, ingawa wengi wetu tumesahau kwamba lilikuwa na mwenzake.) Kisha wakamtazama kila msimulizi kwa sifa mbili: uadilifu wake, yaani je, ni mkweli, na udhibiti wake, yaani je, anaihifadhi habari barabara na kuifikisha ilivyo. Mtu anaweza kuwa mcha Mungu asiyesema uongo na bado habari yake ikakataliwa, kwa kuwa kumbukumbu yake haitegemewi.

Mabishano mengi kuhusu vyombo vya angani huharibika kwa kuzichanganya sifa hizi mbili. Chukua mfano wa nyumbani. Tarehe 19 Februari 1951, wafanyakazi na abiria wa ndege ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa walieleza kwamba wameona kitu king'aacho kimetulia juu ya Kilimanjaro. Wanaoitetea habari hii husisitiza kwamba rubani ni mtu aliyezoea anga na hana sababu ya kuzua. Tunakubali. Lakini uadilifu wa rubani haumpi rula. Kitu kisichojulikana ukubwa wake hakiwezi kukadiriwa umbali wake kwa jicho tupu, na kisichojulikana umbali wake hakiwezi kukadiriwa ukubwa wala kasi yake. Udhibiti ndio uliokosekana, na kukosekana kwake si aibu ya mtu yeyote.

Habari ya Ruwa, Zimbabwe, ni ngumu zaidi, na haifai kupuuzwa kwa kicheko. Tarehe 16 Septemba 1994, watoto wapatao 62 wa Shule ya Ariel walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wao wa michezo. Wengi wao wakiwa watu wazima bado wanashikilia maneno yao. Mtu angedhani wingi huo unaifanya habari kuwa mutawatiri, yaani iliyopokewa na wengi kiasi kwamba haiwezekani wawe wamekubaliana uongo. Sharti la tawaturi, hata hivyo, ni kwamba njia za upokezi ziwe mbalimbali. Watoto wa shule moja, waliozungumza wao kwa wao kabla ya kuhojiwa, ni njia moja yenye vinywa vingi. Siku mbili kabla, mabaki ya roketi ya Kirusi yalionekana yakiwaka katika anga ya kusini mwa Afrika, na mazungumzo ya visahani yalikuwa yamekwisha kuenea. Profesa John Mack wa Harvard aliwahoji watoto hao majuma kadhaa baadaye, na ni katika mahojiano hayo ndipo ulipojitokeza kwa nguvu ujumbe kuhusu binadamu kuiharibu dunia. Cynthia Hind, aliyefika mapema, aliandika kwamba baadhi ya watoto walivifikiria viumbe wale kuwa tokoloshi. Tanzu mbili zilikuwa zikigombea tukio moja. Kwamba watoto waliona kitu, mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kukana. Kwamba tunajua ni kitu gani, hakuna sanadi inayotufikisha huko.

Mfano wa karibuni ni mwepesi zaidi. Julai 2023, David Grusch, aliyekuwa afisa wa ujasusi wa Marekani, aliliambia Bunge la nchi yake kwa kiapo kwamba serikali inaficha vyombo visivyo vya wanadamu. Hakusema ameviona, alisema ameambiwa na watu walioviona, nao hakuwataja hadharani. Kwa istilahi za wanazuoni wetu hii ni sanadi yenye wapokezi majhuli, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa elimu ya Hadithi angejua pa kuiweka. Ripoti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani ya Machi 2024 ilisema haikupata ushahidi wowote wa madai hayo, ingawa ni haki kukumbusha kwamba wizara hiyo ndiyo iliyoshitakiwa, na mshitakiwa hawi shahidi wa pekee wa kesi yake.

Hata washairi wa tenzi walilijua somo hili kwa njia yao. Desturi ya mtunzi kudai kwamba kisa chake amekikuta katika kitabu cha Kiarabu ni sanadi ya kifani. Hadhira iliipokea kama adabu ya kufungulia kisa, haikwenda kukitafuta kitabu. Karibu na Kipini huonyeshwa kaburi la Fumo Liongo. Kaburi hilo ni ushahidi kwamba watu wamemkumbuka Liongo. Kwamba aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni ni jambo jingine, na anayelisikiliza utendi wa Liongo halihitaji kaburi ili amlilie.

Kauli ya kutendeka

Kati ya 1947 na 1969, Jeshi la Anga la Marekani lilikusanya taarifa 12,618. Baada ya uchunguzi, 701 zilibaki bila kutambuliwa. Waumini wa visahani huishikilia idadi hii ndogo kama hazina. Hapa sarufi yatufaa. Tunapokiita kitu "kisichotambulika", tunatumia kauli ya kutendeka, ambayo kazi yake ni kumficha mtenda. Mti umevunjika, nani kauvunja hatusemi. Vivyo hivyo kutotambulika kunawekwa kuwa sifa ya kitu, kana kwamba ni rangi yake au uzito wake, ilhali ni sifa ya anayetazama. Turudishe mtenda: kisichotambulika na nani?

Katika Ghuba ya Ungwana swali hili lina jibu la kihistoria. Upande wa kusini wa ghuba hiyo, baharini mbele ya Ngomeni, Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma walisimamisha jukwaa la chuma lililoitwa San Marco. Mahali palichaguliwa kwa kuwa ni karibu na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada, na upande wa mashariki ni bahari tupu. Kuanzia 1967 hadi 1988, setilaiti tisa zilifikishwa angani kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani, bila kuhesabu roketi ndogo za utafiti zilizotangulia tangu 1964. Baadhi zilirushwa usiku. Mnamo 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza miale ya eksrei itokayo kwenye nyota, nayo ikapewa jina la Uhuru. Neno la Kiswahili lilipanda mbinguni kutoka ghuba hii, likafika kabla ya wenye lugha kuelezwa limefuata nini.

Roketi iwakayo usiku baharini haijifichi kwa mvuvi wa Kipini wala kwa mchungaji wa Kiorma aliyelala na ng'ombe zake nyikani. Kwa mhandisi aliye Ngomeni chombo hicho kilikuwa na jina, uzito, saa ya kuondoka na njia ya kupita. Kwa wengine kilikuwa mwanga. Tofauti baina yao haikuwa ya akili wala ya dini. Ilikuwa tofauti ya nani amepewa ratiba.

Mgawanyo kama huo wa maarifa haukuwa mgeni kwa Wapokomo. Ngadji, ngoma yao takatifu, ilisikika na wote na kuonwa na wachache mno. Mamlaka ya wazee yalikaa katika pengo hilo baina ya sikio na jicho. Mwaka 1902 maafisa wa Kiingereza waliichukua, ikaishia British Museum. Huko ikapimwa na kuandikwa katika daftari. Ilitambuliwa kikamilifu na watu ambao hawakuwahi kuitii, na walioitii wakanyimwa hata sauti yake. Mtu akitafakari kisa hiki hawezi tena kuamini kwamba kutambua na kujua ni kitu kimoja.

Dini iko hatarini wapi?

Hudaiwa mara kwa mara, hasa na waandishi wa Magharibi, kwamba viumbe wenye akili wakithibitika kuwepo kwingineko, dini zitaporomoka. Dai hili linachukulia kwamba kila dini imemweka binadamu peke yake kitini. Kwa Mwislamu wa Kilelengwani sivyo. Kila siku humsifu Mola kuwa ni Mola wa walimwengu, kwa wingi. Anakubali kuwepo kwa malaika na majini, na majini hao wana sura yao nzima, ya 72. Na aya ya 29 ya sura ya 42 inataja viumbe vilivyotawanywa mbinguni na ardhini. Mgeni kutoka nyota ya mbali angemshangaza, asingemkufurisha.

Hatari yake ni ya upande mwingine: urahisi. Mwenye neno jini mkononi anaweza kulitumia kwa kila mwanga, na maelezo yasiyoweza kushindwa na tukio lolote hayajaeleza tukio lolote. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipambana na uvivu wa namna hii katika Sahifa mwaka 1930 na katika Al-Islah mwaka 1932. Kwake, kuamini ghaibu ni wajibu, na kuiongezea ghaibu wakazi wa kubuni ni uzushi.

Kwa Mkristo wa Ngao tatizo ni zito zaidi, na si vizuri kulifunika kwa upole wa mazungumzo ya dini mbili. Ikiwa Mungu alitwaa mwili mara moja, hapa, kwa ajili ya dhambi ya kizazi cha Adamu, walio kwingineko wana nafasi gani? Thomas Paine aliugeuza ulizo huu kuwa silaha mnamo 1794. Mwaka 2008 Padre José Gabriel Funes, mkuu wa kituo cha unajimu cha Vatikani wakati huo, alisema kwamba kuamini uwezekano wa viumbe hao hakupingani na imani, na kwamba huenda wasihitaji ukombozi. Ni jibu la heshima. Tunaliona kuwa ni mlango uliofunguliwa, nyumba bado haijajengwa.

Linalodhuru kuliko yote ni kuyasoma maandiko matakatifu bila kujali tanzu zake. Erich von Däniken, katika kitabu chake maarufu cha 1968, aliyageuza maono ya nabii Ezekieli kuwa taarifa ya kutua kwa chombo. Kwa njia hiyo hiyo mtu anaweza kuzichukua tenzi zetu za Miraji akamfanya Buraki kuwa mtambo. Atakuwa ameokoa usahihi kwa kuua maana, kwa kuwa Miraji ni habari ya mja kukaribishwa, na ukaribisho haupimwi kwa kasi. Ubaya wa pili wa usomaji huo ni wa kisiasa. Von Däniken haamini kwamba watu wa kale waliweza kujenga walichokijenga. Lazima awaletee mafundi kutoka juu. Sisi wa pwani wimbo huo tumeusikia kwa maneno mengine. Magofu ya Ungwana, karibu na Kipini, yalihesabiwa kwa miaka mingi kuwa kazi ya wageni kutoka ng'ambo, mpaka wanaakiolojia wa miaka ya 1980, akiwemo George Abungu aliyetafiti Tana kwa ajili ya shahada yake ya Cambridge, walipoonyesha jinsi miji hiyo ilivyofungamana na watu wa mto na wa bara. Mgeni wa ng'ambo na mgeni wa angani wanafanya kazi moja katika masimulizi hayo: kumpokonya mwenyeji mkono wake.

Katama Mkangi, mwana wa pwani ya Kenya na mtaalamu wa elimujamii, alilijibu jambo hili katika riwaya yake Walenisi ya 1995. Mhusika wake Dzombo anahukumiwa kifo na kutupwa ndani ya chombo kinachorushwa mbali na dunia, kumbe chombo kinamfikisha katika nchi yenye haki. Jina la nchi hiyo likivunjwavunjwa ni sentensi kamili: wale ni sisi. Mkangi amekitumia chombo cha angani kinyume na ada. Hakiji kutuletea wajuzi. Kinamchukua mnyonge mmoja kumwonyesha kwamba wajuzi wale ni wenziwe. Inafaa kukumbusha kwamba mwandishi huyu aliwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, akajua vyema namna serikali inavyoamua nani ajue nini.

Kwa hiyo kipimo cha dini, kwa maoni yetu, kiko katika aya ya 6 ya sura ya Hujurati, inayowaamuru waumini kuihakiki habari wanayoletewa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Na katika Kumbukumbu la Torati 19:15, panapokataa shahidi mmoja. Maandiko yote mawili yanajali madhara ya habari kwa jirani kabla ya kujali mbingu. Septemba 2012 iliwakuta watu wa delta wanayo yote mawili majumbani mwao.

Kazi iliyosalia uwandani

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha meta 2.5 hivi na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Siku mbili baadaye Shirika la Anga la Kenya lilitangaza kwamba, kwa uchunguzi wa awali, ni kipande cha roketi, ingawa wataalamu wa nje waliendelea kubishana kuhusu asili yake. Safari hii wanakijiji walipewa maelezo, tena haraka. Waliokuwa katika Ghuba ya Ungwana tangu 1967 hawajaulizwa rasmi hata walichokiona, na aliyekuwa na miaka 20 mwaka huo sasa anakaribia 80.

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada ya fasihi simulizi angeweza kuanza Kipini, apande mto kupitia Ozi na Kilelengwani hadi Ngao na Golbanti, akiwahoji Wapokomo na Waorma, kila mmoja peke yake na kwa lugha yake. Kila simulizi iandikwe pamoja na sanadi yake: nani aliona mwenyewe, nani alisikia, kwa nani, mwaka gani, ikiwa masika au kiangazi, mwanga ulipanda au ulishuka, na ulielekea upande gani wa bahari. Saa za kurushwa kwa setilaiti zote tisa zimehifadhiwa, hivyo kila simulizi linaweza kulinganishwa na tarehe yake. Yatakayolingana na roketi yatatuonyesha ni majina gani watu waliipa. Yasiyolingana yawekwe kando kama yalivyo, bila kuyaita jini wala kisahani.